Mrejesho: Tulikwenda Shela na watoto

Salaam aleikum. Niliuliza pwani tulivu ya kumpeleka mama yangu na watoto wawili, pasipo muziki wa kelele. Mlionielekeza Shela, kijiji cha pwani kisiwani Lamu, Kenya, ahsanteni sana.

Tulipanda boti gatini Lamu mjini, maana mama asingeweza kutembea zile kilomita 3 hadi Shela. Mchanga wa Shela unakwenda kama kilomita 12; tulipoyaacha majengo nyuma tukabaki sisi, punda wawili na vilima vya mchanga. Maji yalikuwa yakipwa. Binti yangu wa miaka minne akakaa kwenye kidimbwi chenye maji vuguvugu, kina cha kifundo cha mguu, akifukuza kaa weupe hadi wakatokomea mashimoni. Mama akavua viatu, akapandisha leso, akaingia naye. Sijamwona akicheka vile tangu tumzike baba.

Ila hamkuniambia kwamba kivuli hakuna kabisa! Saa tano mchanga ulikuwa ukiunguza nyayo, tukarudi kijijini. Nendeni alfajiri, na maji ya kunywa mbebe ya kutosha. Upande wa mlango wa bahari mkondo una nguvu, watoto wasiogelee hapo.