Mesothelioma huwapata watu gani, na ni wengi kiasi gani?

Mtoto wa Fundi, Makole, Dodoma
Shikamooni wakubwa. Baba yangu, mwenye miaka 71, ametolewa maji kifuani mara mbili na kupewa dawa za kifua kikuu ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Sasa kinyama kilichokatwa na kupimwa kimeonyesha saratani iitwayo mesothelioma. Hajawahi kuvuta sigara. Kuanzia mwaka 1976 hadi 1988 aliezeka nyumba hapa mjini, akikata bati za asbesto kwa msumeno wa mkono. Jioni alirudi nyusi zimekuwa nyeupe, na mama akaikung'uta ovaroli yake uani kabla ya kuifua. Je, ugonjwa huu huwapata wengi? Na mama je?

Muuguzi Mstaafu
Marahaba mwanangu, pole sana. Ni ugonjwa adimu: mwaka 2020 duniani kote walikadiriwa wagonjwa wapya wapatao 31,000, ilhali wa saratani ya mapafu walizidi milioni 2. Huanzia kwenye utando unaofunika mapafu, mara chache ule wa tumbo, na wengi wanaoupata ni wanaume wazee waliojenga nyumba, waliounda meli au kufunga mabomba, kwa kuwa nyuzi za asbesto zikishavutwa huweza kukaa miaka 20 hadi 50 kabla uvimbe haujaonekana. Sigara haiuleti.

Mkazi wa Kongwa
Kuhusu mama, mwaka 1960 Dkt. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, na baadhi yao hawakuwahi kuchimba asbesto bali waliishi tu jirani na machimbo. Wake waliofua nguo za kazi nao wamewahi kuugua. Hata hivyo wengi waliovuta vumbi hilo hawaugui, kwa hiyo asiingiwe na hofu, ila daktari aelezwe habari ya ovaroli.

Fundi Paa
Kinachonisumbua mimi ni vijana wanaobomoa mapaa hayo ya zamani kwa nyundo, bila barakoa. Jamani, bati zilowanishwe, zishushwe nzima, wala zisikatwe.

Mtoto wa Fundi
Asanteni sana. Mama anasema aliikung'uta kila siku isipokuwa Jumapili. Jumatatu nitakwenda naye kliniki ya baba, na nitaandika miaka yote ya kazi ile ili daktari aione.