Wauza vifaa vya setilaiti, dishi la wati 30 kutuma baiti 24?!

Wakuu, habari za mchana. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa bando, hili ni jambo jingine kabisa.

Nina kituo cha kupima kina cha maji mto Rufiji, ndani ndani huko ambako simu hata uipandishe juu ya mnazi haishiki mtandao. Kila saa kitume kina, muda na volti ya betri. Baiti 24. Kwa siku 576. Bandiko hili mnalosoma ni zito kuliko taarifa zake za siku tatu!

Nikaenda kwa jamaa mmoja Kariakoo anayejiita mtaalamu. Hakuuliza natuma nini, hakuuliza umeme natoa wapi. Aliuliza moja tu: "Bosi, bajeti shilingi ngapi?" Akaniuzia dishi la intaneti ya kasi linalokula wati 30. Betri yangu ni volti 12, amp-saa 7, yaani wati-saa 84 ikiwa mpya na imejaa. Gawanya mwenyewe. Haifiki saa tatu!

Nilipompigia: "Kaka, weka taima, liwake dakika tano kila saa." Dakika zenyewe zinaisha dishi bado linatafuta setilaiti, na kwa siku limeshakula wati-saa 60. Kiangazi sola inajikongoja. Masika je, wiki nzima mawingu?

Juzi nimetoka Dar alfajiri, Kibiti, Utete, kisha bodaboda hadi ukingoni. Nafungua boksi, sisimizi wamehamia kwenye tundu la waya, betri inasoma volti 10.4, yaani imekwisha kabisa. Ujumbe wa mwisho ulitumwa siku 11 nyuma. Na ndizo siku mto ulipojaa!

Kinachoniuma, kifaa chake kipo, tena miaka mingi. Iridium, kampuni ya mawasiliano ya setilaiti, wana setilaiti 66 zinazozunguka kama kilomita 780 juu yetu, siyo zile za madishi ya TV zilizo kilomita 36,000. Kimodemu cha kuenea kiganjani na antena ndogo isiyoelekezwa popote vinatosha, mradi miti isizibe anga. Ujumbe mmoja wa SBD (huduma yao ya kutuma data fupi fupi) unabeba baiti 340, kwa hiyo vipimo vya saa 12 (baiti 288) vinaingia vyote kwa mkupuo. Maji yakivuka alama ya hatari, kinatuma papo hapo. Kisha kinalala. Kikituma kinaweza kuvuta hadi amp 1.5 kwa kufumba na kufumbua, hivyo usibanie kapasita (kale ka kuhifadhi umeme na kuutoa ghafla), lakini ndiyo hivyo tu.

Haya nimeyajua baada ya kuliwa hela. Yeye ni kazi yake, alishindwa nini kuniambia?

Dishi nimejaribu kulirudisha, anasema mali ikishafunguliwa haipokelewi. Liko stoo Tabata. Mwenye lodge yenye umeme wa uhakika aje PM.