Naomba ushauri: tairi la mbele linacheza, Land Cruiser mkonga

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada kwa wanaozijua mkonga. Yangu ni modeli ya HZJ79, eksili ya mbele ni ile nzima, moja kutoka tairi hadi tairi. Usukani unatetemeka sana kwenye barabara ya vumbi.

Nimepiga jeki. Tairi la kushoto nikilishika juu na chini linacheza, tena linagonga. Nikilishika ubavuni limetulia, kwa hiyo tairodi (vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi) sizidhanii. Fundi amekaza beringi za habu (kitovu cha tairi) na kuweka grisi mpya. Mchezo umepungua, haujaisha. Kinachonitia wasiwasi: hata mtu akikanyaga breki, nikitikisa bado linacheza, na ukimulika tochi kwa nyuma unaona nako yenyewe (kile chuma kinachobeba habu na kugeuka na usukani) inasogea pale kwenye lile duara la eksili. Hapo hapo panavuja grisi nyepesi, nyeusi, inanuka oili ya difu (gia za ndani ya eksili).

Je, hizo ni beringi za kingipini (pini ambazo nako inageukia), au kuna kingine cha kukagua kabla ya kufungua? Na zikibadilishwa, shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi) za zamani zinarudi zilivyo au lazima kupima upya? Gari hili linabeba watu, nimelisimamisha kwanza.