Naomba ushauri: Toyota Hilux ya injini ya 3L, chesisi (fremu ya chini inayobeba gari) imeliwa na kutu
Ndugu zangu, gari ni ya 1996, dizeli, yabeba samaki na barafu kutoka Likoni hadi Kongowea. Nilipopima mgandamizo wa injini, silinda tatu zina psi 400, ya nne 270. Ukitia oili kijiko kimoja inapanda hadi 350, basi yaelekea ni ringi za pistoni, si valvu. Hilo halinitishi. Kinachoninyima usingizi ni chesisi: maji ya chumvi yameila pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, bisibisi yapenya hadi ndani. Fundi ataka kubandika bati la milimita 4, lakini kutu imeanzia ndani ya boksi la chesisi, weldi itashika chuma kilichooza. Je, nikate kipande kizima nitie kingine, au niuze injini na gia boksi nitafute pikapu nyingine? Mliopo pwani, kiraka kama hicho chadumu muda gani?