Km 160 za hisani kwa baiskeli ya umeme: betri moja inatosha?

PedaliNzito
Wakuu, habari. Nimejiandikisha matembezi ya hisani ya baiskeli, km 160 kwa siku moja, jumla ya kupanda mita 1,200. Mota yangu iko katikati kwenye pedali, betri 36V 14Ah, baiskeli kilo 23, mimi 80. Chakula cha mchana ni km 90, saa nzima. Nipangeje betri?

Wati_kwa_Wati
Anza na hesabu mkuu. 36 × 14 ni 504 Wh (wati-saa, kipimo cha umeme uliomo kwenye betri). Panga safari kwa 450, maana mwishoni volti zikishuka ukiwa mlimani betri hujikata kabla ya sifuri.

Wewe, baiskeli na vikorokoro ni kilo 105. Kuinua uzito huo mita 100 kunahitaji kama 29 Wh kwenye gurudumu, kwa hiyo mita 1,200 ni karibu 345. Mota ikibeba nusu na robo ya umeme ikapotea kama joto, milima peke yake inakula 230 Wh. Zinabaki 220 za km 160, yaani chini ya 1.5 kwa kilomita, wakati hata ngazi ya chini kabisa ya msaada wa mota kwenye tambarare hula 4 hadi 6. Kwa hiyo haitoshi, labda uzime mota tambarare yote.

Mchana ndipo pa kujiokoa. Chaja ya 2A itakupa kama 75 Wh kwa saa, ya 4A kama 150. Fika hapo betri ikiwa imeshuka kweli, asilimia 20 au 30. Ukifika na 85 utapoteza saa yako, kwa sababu chaja hupunguza ampea betri inapokaribia kujaa. Na waulize waandaaji mapema kama soketi zipo. Hema la chakula mara nyingi halina.

GiaNyepesi
Hesabu nzuri, ila watu humaliza betri kwa jinsi wanavyokanyaga pedali. Ukipanda na gia nzito, pedali zikizunguka mara 50 kwa dakika, mota ya katikati inajikamua na kupata moto. Shusha gia kabla ya mlima kuanza, uzungushe 75 hadi 90.

Halafu kundi. Kama baiskeli yako ni ya kanuni za Ulaya, msaada wa mota unakata kwenye 25 km/h. Kundi likienda 28 unasukuma kilo 23 kwa nguvu ya miguu tu, na betri imejaa! Tafuta kundi la 22 hadi 24. Usikae karibu na gurudumu la aliye mbele yako mnapoanza kuondoka: sensa inayosoma mzunguko tu wa pedali huchelewa, kisha inakurusha ghafla. Baiskeli yenye kishikio cha gesi kama cha pikipiki, soma kanuni za tukio kwanza, mengi hayaruhusu.

PedaliNzito
Shukrani. Betri ya pili au chaja ya 4A? Na kwenye barabara mbovu skrini huzima, halafu inarudi yenyewe.

Spana15
Hiyo skrini ishughulikie kwanza. Shika betri ikiwa imefungwa, itikise. Ikicheza hata milimita mbili, miguso inaachana kwenye kila shimo. Itoe utazame vile vibati vya shaba: vikiwa na weusi, cheche zimeshaanza. Futa kwa kitambaa kikavu, bandika kipande chembamba cha mpira kwenye kitako betri ikae kwa kubana. Vibati vilivyoungua badilisha, usisugue.

Chaja ya 4A chukua tu kama lebo ya betri inakubali ampea hizo. Betri ya pili ni kilo 3 hivi, lakini inamaliza tatizo. Iwe ya modeli ileile, na usiziunge mbili pamoja kwa waya. Ukisafiri kwa ndege, sahau: kikomo cha abiria ni 160 Wh, yako ni mara tatu. Kodi huko uendako.

Pima cheni pia. Mota huivuta haraka. Kwa gia 11 au 12 ikirefuka asilimia 0.5 badilisha, na uifanyie km 50 kabla ya siku yenyewe. Pedi za breki zikibaki milimita 1, weka mpya.