Kuku wamechanjwa na bado wanakufa: naombeni ushauri

Mfugaji_Kimya: Wakuu, kuku wangu 300 wa mayai, wenye umri wa wiki 9, walipata chanjo ya ugonjwa wa mdondo (kideri) siku 12 zilizopita, lakini tangu juzi wanakoroma, baadhi wamepinda shingo, na leo asubuhi nimeokota mizoga 7. Je, niliuziwa chanjo mbovu?

Bi_Tetea: Pole, mwanangu. Wangu waliisha wote msimu wa jua kali, jogoo akafa wa mwisho akiwa amesimama. Siku hizi watu hufuga kwa simu, bandani hawaingii.

Daktari_wa_Banda: Kabla ya kumlaumu muuzaji, tueleze uliwachanja saa ngapi na banda lilikuwa na joto kiasi gani.

Mfugaji_Kimya: Ilikuwa saa 8 mchana, kwa sababu ndipo ninapotoka kazini. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 36, nao walikuwa wametanua mbawa na kutweta midomo wazi. Mapazia nilikuwa nimeyashusha ili upepo usiwaletee mafua. Hata hivyo maji ya chanjo waliyamaliza, tena wakubwa wakiwasukuma wadogo, kwa hiyo sioni joto linahusikaje.

Daktari_wa_Banda: Linahusika sana. Kuku hana tezi za jasho, hivyo hupoa kwa kutweta, na joto likimzidi kwa muda mrefu mwili humwaga homoni ya kotikosteroni, ambayo husinyaza bursa, thaimasi na bandama, yaani viungo vinavyolea na kuhifadhi askari wa mwili. Limfosaiti, ndio hao askari, hupungua, na chanjo inayoingia wakati huo huzaa kingamwili chache. Damu nayo hukimbilia kwenye ngozi ili kupoza mwili, utumbo ukabaki na damu kidogo, ukuta wake ukalegea na bakteria wakapenya. Isitoshe, chanjo hai hufa upesi katika maji ya moto.

Jogoo_Mstaafu: Kumbe suluhisho ni kumnunulia kila kuku mwavuli.

Mfugaji_Kimya: Nashukuru, ila nimekwisha kununua antibiotiki, na kesho mchana nitawachanja wote upya. Fedha imeshatoka.

Daktari_wa_Banda: Antibiotiki haiui kirusi cha mdondo, na kuku mgonjwa hachanjwi.

Mchunguzi: Mimi naona hadithi hii imetungwa. Kuku wote wana wiki 9, halafu kuna wakubwa wanaosukuma wadogo. Hao wadogo walitoka wapi?

Mfugaji_Kimya: Sijatunga. Wadogo ni 120, nao niliwanunua siku tatu kabla ya chanjo kwa mtu aliyekuwa anahama. Sikutaja kwa sababu walionekana wazima.

Bi_Tetea: Ndiyo hayo niliyoyasema!

Daktari_wa_Banda: Basi huenda walikuja na ugonjwa wenyewe, na msongamano wao ukaongeza joto bandani. Pandisha mapazia sasa hivi, weka maji ya baridi, lisha alfajiri na jioni tu, tenga wagonjwa, usiuze wala kuhamisha kuku yeyote, na umwite mtaalamu wa mifugo achukue sampuli. Watakaopona watachanjwa siku nyingine, alfajiri.

Mfugaji_Kimya: Nimeyapandisha, kipimajoto kimeshuka hadi 33. Kuna mmoja mwenye shingo iliyopinda amelala kando ya kinywesheo. Nimtenge pamoja na wakubwa au na wadogo?

Daktari_wa_Banda: Peke yake.