Nahodha wa Igombe anasema kweli au anadanganya? Tuchambue sehemu ya nne

Mtazamaji_Pasiansi:
Wadau, mnaofuatilia ile tamthilia ya upelelezi ya Ijumaa usiku, naomba tuyapitie mahojiano ya sehemu ya nne kwa makini. Kwa ambao hamkuiona: tajiri mwenye mitumbwi ameonekana mara ya mwisho Alhamisi saa tatu usiku akitoka baa. Alfajiri ya Jumamosi maiti yake inakutwa ikielea karibu na mwalo wa Igombe (mahali mitumbwi inaposhusha samaki), Ziwa Victoria, hapa Mwanza. Nahodha wake, ambaye alikuwa anamdai mgao wa miezi mitatu, anakamatwa. Maneno yake mbele ya inspekta ni haya: "Tulitoka saa kumi na mbili na nusu jioni, giza lilikuwa limeshaingia, tukawasha taa tatu, tukavua dagaa nyuma ya Ukerewe, tukarudi alfajiri na ndoo kumi na tano." Walikuwa wawili tu, yeye na kijana wake.

Maswali yangu ni mawili. Je, anadanganya? Na kama anadanganya, ndiyo kusema kaua? Naomba wanaolijua ziwa na wanaojua mambo ya upelelezi waje na hoja. "Moyo wangu unaniambia" tuiweke pembeni.

Mama_Bwiru:
Anadanganya, na uso wake unasema. Alipoulizwa kuhusu marehemu aliinamisha kichwa, jasho likamtoka, na maji alikunywa mara mbili. Mtu mkweli hukutazama machoni. Halafu deni la miezi mitatu si dogo kwa mtu mwenye watoto.

Jahazi_Nansio:
Mama, tuuache uso kwanza. Maelezo yake yanavunjwa na uvuvi wenyewe.

Dagaa huvuliwa gizani. Taa, iwe karabai au hizi za sola, hufungwa kwenye viboya, zikaunganishwa kwa kamba na kutiwa nanga, makumi ya mita kati ya taa na taa. Mnasubiri saa moja au mbili dagaa wajikusanye chini ya mwanga. Kisha mnateremsha wavu na kuikokota taa ya kwanza taratibu hadi dagaa waliomo mwangani wawe juu ya wavu, mnainua, mnahamia taa inayofuata. Mkiikokota kwa pupa dagaa wanatawanyika na kazi inaanza upya.

Sasa tazameni angani katika ile picha ya tajiri akitoka baa saa tatu usiku. Mwezi uko juu upande wa mashariki, umejaa. Mwezi ulio pale saa hiyo umechomoza jua linapozama, maana yake ni mwezi mpevu. Usiku wa namna hiyo maji yote yana mwanga, dagaa hawana sababu ya kuifuata taa yako. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa hupumzika kama siku kumi kila mwezi, mbalamwezi inapokuwa kali. Ndoo kumi na tano za lita 20 kwa taa tatu katika mbalamwezi ile hazipatikani.

Na watu wawili? Mtumbwi wa dagaa kwa kawaida una watu wanne: wa kuvuta wavu pande zote, wa kushughulikia taa, wa kukaa na mashine. Wawili wanaweza kutega na kutegua nyavu za sangara. Kukokota taa na kuinua wavu wa dagaa usiku kucha, hapana.

Mafuta nayo. Polisi wameonyesha galoni moja la lita 20 likiwa zaidi ya nusu, na mashine ya nguvu za farasi 15. Mashine hiyo ikifunguliwa yote hula takriban lita sita kwa saa. Kutoka Igombe kwenda nyuma ya Ukerewe na kurudi, kwa mtumbwi wa mbao wenye mzigo, si chini ya saa sita. Pigeni hesabu wenyewe.

Igoma_Stendi:
Mkuu Jahazi, hoja nzuri, ila mnawapa watunzi sifa wasizostahili. Hiyo ya mwezi ni kosa la wapiga picha, wamepiga siku waliyopata. Ushahidi ni huo hapo: "saa kumi na mbili na nusu giza limeshaingia." Kwa Mwanza haiwezekani. Huku jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika arobaini na saa moja na dakika chache, kutegemea mwezi wa mwaka. Tuko magharibi ya Dar kwa zaidi ya nyuzi sita, kwa hiyo jua letu huchelewa kama dakika 25, wakati saa tunatumia moja. Aliyeandika sentensi ile ana machweo ya Dar kichwani. Huwezi kumhukumu mhusika kwa kosa la mwandishi.

Jahazi_Nansio:
Ningekubali kama lingekuwa kosa la mara moja. Rudieni alfajiri ya Jumamosi maiti inapopatikana: mwezi bado uko juu ya maji upande wa magharibi, umepungua kidogo. Siku moja na nusu baada ya mwezi mpevu ndivyo unavyotakiwa kuwa saa kumi na moja alfajiri. Mpiga picha asiyejali asingepatia mara mbili. Na sehemu ya kwanza, duka lile la pale mwaloni lina saa ya ukutani inayosoma kumi na mbili na nusu, na mlangoni jua linawaka. Watunzi wanajua jua la Mwanza linazama lini.

Basi kosa ni la nahodha mwenyewe. Na mvuvi wa Igombe hawezi kukosea saa ya machweo, kazi yake yote inaanzia hapo. Mimi naona sentensi ile si yake. Msikilizeni kijana wake anapohojiwa chumba cha pili: "giza lilikuwa limeshaingia, tukawasha taa tatu." Neno kwa neno.

Mwanasheria_Nera:
Hapo kwenye neno kwa neno ndipo inspekta alipotakiwa kukaa nusu saa. Watu wawili waliopitia usiku mmoja huusimulia tofauti: mmoja anakumbuka baridi, mwingine anakumbuka kamba iliyokatika. Wakifanana hadi mpangilio wa maneno, wamekaririshwa.

Mama Bwiru, kwa heshima, hoja ya macho haina mguu. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Bond na DePaulo, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu watu kutambua uongo kwa kutazama na kusikiliza. Wastani wa kupatia ulikuwa asilimia 54. Ukirusha sarafu unapata 50. Tena kwetu kijana akihojiwa na mtu mzima mwenye madaraka huinamisha macho kwa adabu. Jasho na kiu ni dalili za hofu, na mtu asiye na hatia akishikwa kwa mauaji anaogopa pia.

Kinachofanya kazi ni namna ya kuuliza, na inspekta yule kaharibu hatua tatu. Kwanza, alimwonyesha mapema rekodi za simu na picha ya galoni la mafuta. Ukiwa na ushahidi unauficha, unamwacha mtuhumiwa ajifunge kwa maelezo yake, kisha unautoa kipande kimoja kimoja. Ukiutoa mwanzo, unampa nafasi ya kutengeneza hadithi inayouzunguka. Pili, hakumwambia asimulie kinyumenyume, kuanzia kutia nanga asubuhi kurudi nyuma hadi jioni. Hadithi ya kukariri inakwama ikigeuzwa. Tatu, hakuuliza maswali ambayo aliyekariri hakuyatarajia: taa ipi mliikokota kwanza, upepo ulitoka wapi, nani alishika wavu upande wa kushoto. Alitakiwa kumuuliza nahodha na kijana kwa wakati mmoja, vyumba tofauti, kisha alinganishe.

Kuna tatizo la kisheria pia, na naona wengi wamelipita. Nahodha kakamatwa saa mbili asubuhi, maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoandikwa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake) yameandikwa saa kumi jioni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi. Muda unaweza kuongezwa kwa utaratibu, na baadhi ya muda hauhesabiwi, mfano wa kumsafirisha kwenda kituoni au kumsubiri wakili. Kwenye tamthilia hatukuona nyongeza wala sababu. Wakili akiamka, Mahakama Kuu itaendesha kesi ndogo ndani ya kesi, na maelezo yale yanaweza kuwekwa kando. Upande wake nahodha, kama anategemea utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio, atatakiwa kutoa taarifa mapema. Akikaa kimya hadi upande wa mashtaka umalize, mahakama ina uhuru wa kutoupa uzito wowote.

Simu_Buzuruga:
Nimalizie la simu, kwa sababu hapo tamthilia imepotosha. Inspekta kasema simu ya saa nne usiku ilishika mnara wa Nansio, kisiwani Ukerewe, na mashabiki wa nahodha wakashangilia kwamba kweli alikuwa Ukerewe. Haithibitishi. Juu ya maji wazi hakuna jengo wala mti wa kuzuia mawimbi, na mnara wa 2G unaweza kuhudumia simu hadi kilomita 35 hivi. Igombe hadi Nansio ni kama kilomita 30. Mtu akiwa ufukweni upande ambao mwamba unamkinga na mnara wa karibu, simu yake inaweza kuchukuliwa na mnara wa ng'ambo. Cha kuomba kwa kampuni ya simu ni antena ya upande gani wa mnara iliyopokea, na mlolongo wa minara usiku mzima. Simu moja peke yake haisemi mtu alikuwa wapi.

Mtazamaji_Pasiansi:
Nashukuru sana. Basi tukubaliane hakuvua dagaa. Alikuwa anafanya nini?

Kayenze_Mwalo:
Jibu limelazwa ndani ya mtumbwi. Dakika ya mwisho polisi wanapoupekua, nyuma ya mashine kuna wavu mweupe unaong'aa, wa uzi mmoja wa plastiki. Hiyo ni timba, imepigwa marufuku. Pembeni kuna ndoo yenye mfuniko ambayo hakuna aliyeifungua. Watu wawili, mafuta kidogo, wavu wa timba: walitega karibu na ufukwe wakisaka sangara, na si ajabu hata walio chini ya sentimita 50, ambao sheria inakataza kuwavua. Na nawaambia ndani ya ndoo ile mna mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara. Bondo kavu lina bei kubwa kuliko minofu yenyewe, na ni jepesi kulificha. Tajiri alikuwa anadhulumiwa mali yake, au alikuwa anajua na anapata sehemu.

Kwa hiyo nahodha anaficha kosa la uvuvi. Aliyemkaririsha ni yule wakala anayevaa shati la kitenge, ambaye sehemu ya pili alisema ametoka Dar juzi tu. Huyo ndiye mwenye machweo ya saa kumi na mbili na nusu kichwani.

Igoma_Stendi:
Hiyo ya wakala nimeikubali. Nilidhani ni kosa la mwandishi, kumbe ni mtego wake.

Mama_Bwiru:
Mimi bado sijashawishika. Mtu anayeiba mabondo ya tajiri wake ana sababu mbili za kumuua badala ya moja: deni, na kuogopa kukamatwa. Mmemtoa kwenye dagaa mkamweka ufukweni, karibu zaidi na mahali maiti ilipoonekana.

Mwanasheria_Nera:
Dada, hoja hiyo ni nzito na naiheshimu. Uongo wa mshtakiwa unaweza kuongeza nguvu kwenye ushahidi mwingine uliopo. Peke yake hauzibi pengo, kwa sababu mashtaka yanasimama kwa nguvu ya ushahidi wake, hayasimami kwa udhaifu wa utetezi. Mpaka sasa hatujaonyeshwa kitu hata kimoja kinachomgusa marehemu na nahodha saa tatu usiku.

Jahazi_Nansio:
Na maiti yenyewe inasema kidogo. Aliyezama hushuka kwanza, kisha huibuka gesi ikijaa. Kwenye maji yetu ya joto huchukua kama siku mbili au tatu, na kwenye kina kirefu huchelewa zaidi. Alhamisi saa tatu usiku hadi Jumamosi alfajiri ni saa 32 tu. Kuibuka mapema hivyo kunaelekeza maji mafupi ya ukingoni. Lakini hilo linamhusu kila aliyekuwa ufukweni usiku ule, wakala naye yumo.

Ambacho inspekta hajakigusa hadi leo ni daftari la BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, pale mwaloni. Kwa kawaida mwalo una BMU yake, na kazi yake mojawapo ni kuweka kumbukumbu za mitumbwi na samaki wanaoshushwa. Sehemu ya tano aanze hapo: mtumbwi ule umeandikwa umeshusha nini Ijumaa asubuhi, na nani aliupokea. Kama hakuna ndoo kumi na tano kwenye ukurasa huo, amrudishe kijana chumbani kabla ya nahodha, amuulize upepo ulitoka wapi.